Damu Inapoinyang'anya Mishipa Hewa Yake

Mtu akisimama Kiriri, mtaa wa kilimani unaoutazama mji wa Bujumbura kutoka juu, huweza kuiona karibu ramani nzima ya malaria katika nchi ya Burundi. Mbele yake ni mji, na ng'ambo ya mji ni Ziwa Tanganyika na milima ya Kongo. Upande wa kaskazini umelala uwanda wa Imbo, unaoambaa na Mto Rusizi, wenye joto, mashamba ya mpunga na mbu wa mwaka mzima. Akigeuka nyuma, ataona vilima vya Mirwa vikipanda hatua kwa hatua kuelekea nyanda za juu za Mugamba, ambako baridi iliwazuia mbu kwa vizazi vingi. Kiriri yenyewe, pamoja na kampasi yake ya Chuo Kikuu cha Burundi, iko katikati ya dunia hizo mbili.

Tofauti hiyo ya juu na chini si jambo dogo kwa familia za askari na polisi, ambao kazi yao ni kuhamishwa. Mtoto aliyezaliwa Imbo huumwa na mbu tangu siku zake za kwanza. Akivuka miaka ya hatari, mwili wake huwa umejifunza kuishi na vimelea hivyo. Mtoto wa Kayanza au Ngozi hana mafunzo hayo. Baba yake akipewa kituo kipya bondeni, mtoto huingia vitani bila silaha. Na wakati mwingine vita hupanda mlima vyenyewe. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 2000 hadi mwaka 2001 mlipuko wa malaria uliyakumba majimbo ya Kayanza, Ngozi na Karusi, baada ya mabonde yenye maji kugeuzwa mashamba. Karibu wagonjwa milioni 3 waliandikishwa, katika nchi iliyokuwa na watu wasiofikia milioni 7. Kabla ya mwezi Agosti mwaka 2019 wagonjwa zaidi ya milioni 5 walikuwa wamekwisha kuandikishwa tena katika mwaka huo mmoja, na waliofariki walipita 1,800.

Hata hivyo, si kila aliyeambukizwa anayekaribia kifo. Watoto wawili wa nyumba moja, wenye vimelea vya aina moja, huweza kutofautiana kabisa: mmoja anacheza uani, mwenzake amepoteza fahamu. Waganga walijiuliza sababu kwa muda mrefu. Sehemu mojawapo ya jibu, ingawa si jibu lote, imepatikana mahali pasipotarajiwa, yaani katika kemia ya gesi moja nyepesi, na katika tabia ya damu yenyewe ya kuinasa gesi hiyo na kuiangamiza.

Gesi yenye elektroni isiyo na mwenzake

Gesi hiyo huitwa nitriki oksidi. Imeundwa na atomu moja ya nitrojeni na atomu moja ya oksijeni, basi. Radi inapopiga hutengenezwa angani. Injini ya gari huitoa pamoja na moshi. Nitrojeni ina elektroni 7 na oksijeni ina 8, jumla 15, na 15 haigawanyiki kwa mbili. Elektroni hupenda kukaa wawili wawili, kwa hiyo moja hubaki peke yake. Kemikali yenye elektroni pweke namna hiyo wataalamu huiita radikali huru. Haitulii, hutafuta kitu cha kushikana nacho, na ikishashikana nacho kazi yake ya awali imekwisha.

Kwa miaka mingi ilihesabiwa kuwa ni uchafu wa hewa tu. Mwaka 1980 Robert Furchgott, mtaalamu wa dawa huko New York, alionyesha kwamba ukuta wa ndani wa mshipa wa damu hutoa kitu fulani kinachoufanya mshipa ulegee na kupanuka. Kitu hicho kilipotea upesi mno hata kikawa vigumu kukamatwa. Dalili mojawapo iliyowasaidia watafiti kukitambua ilikuwa hii: wakitia hemoglobini, yaani ile rangi nyekundu ya damu, katika maji yaliyouzunguka mshipa, kulegea kule kulikoma mara moja. Hemoglobini ilikuwa inakinasa. Kufikia mwaka 1987 ilithibitishwa kwamba kitu hicho ni nitriki oksidi, na mwaka 1998 Furchgott, Louis Ignarro na Ferid Murad, wote wa Marekani, walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Askari wanaojua habari za baruti watapendezwa na jambo moja hapa. Alfred Nobel, ambaye tuzo hiyo hubeba jina lake, alipata mali yake kwa baruti kali iliyotengenezwa kwa nitrogliserini. Katika miaka yake ya mwisho moyo ulimsumbua, na madaktari walimwandikia nitrogliserini hiyo hiyo kuwa dawa. Leo inafahamika kwamba dawa hiyo hufanya kazi kwa kutoa nitriki oksidi ndani ya mishipa.

Mlinzi akiwa ndani, mnyang'anyi akiwa nje

Katika maabara zipo kemikali zilizotengenezwa makusudi ili kuinasa gesi hiyo. Iliyo mashuhuri ni ya rangi ya buluu, nayo watafiti wa Kumamoto, Japani, walieleza mwaka 1993 jinsi inavyofanya kazi: ni radikali huru kama nitriki oksidi yenyewe, isipokuwa ni tulivu, huweza kuwekwa chupani. Radikali mbili zikikutana, elektroni pweke ya huku humaliza upweke wa ile ya kule. Vitamini B12 ya aina ya haidroksokobalamini nayo huinasa. Hospitali huitumia hasa kwa mtu aliyepata sumu ya sianidi, kwa mfano aliyevuta moshi wa nyumba iliyoungua, na shinikizo la damu lake aghalabu hupanda kwa sababu nitriki oksidi imepungua. Mwili pia hutengeneza radikali nyingine ya oksijeni, iitwayo superoksidi, ambayo huivamia nitriki oksidi kwa kasi inayokaribia ukomo wa kasi za kemia. Lakini katika mwili wa binadamu hakuna mnasaji aliye mwingi kama hemoglobini.

Kila molekuli ya hemoglobini ina atomu 4 za chuma, na kila atomu hubeba oksijeni kutoka mapafuni. Nitriki oksidi inapoikuta hemoglobini iliyobeba oksijeni, huchukua oksijeni ile na kugeuka kuwa nitrati, chumvi ya kawaida isiyoweza kuupanua mshipa wowote. Papo hapo chuma cha hemoglobini hubadilika, na hemoglobini hiyo haiwezi tena kubeba oksijeni mpaka itengenezwe upya na vimeng'enya vya ndani ya chembe ya damu. Kwa hiyo pande mbili zimepata hasara. Mambo hayo yote humalizika kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Hapo msomaji atauliza, na ana haki ya kuuliza: ikiwa damu imejaa hemoglobini, gesi hiyo inawezaje kufanya kazi hata dakika moja? Jawabu ni kwamba hemoglobini imefungwa ndani ya chembe nyekundu kama silaha ndani ya ghala. Chembe hizo husafiri katikati ya mkondo wa damu, na pembezoni, karibu na ukuta wa mshipa, hubaki utepe mwembamba wa majimaji usio na chembe nyingi. Gesi inayotoka ukutani ina nafasi ya kufanya kazi yake kabla haijafikiwa. Isitoshe, kupita katika ngozi ya chembe na kuingia ndani huchukua muda. Kwa sababu hizo hemoglobini iliyofungwa huinasa nitriki oksidi polepole mara mia kadhaa kuliko hemoglobini iliyomwagika. Ghala likivunjwa, silaha huzagaa barabarani, na hapo ndipo taabu inapoanza.

Majeshi yalilijua jambo hilo kwa gharama kubwa. Majeruhi wengi wa vita hufa kwa kutokwa na damu kabla ya kufika hospitali, na damu ya kuongezewa huhitaji barafu, kupimwa na kulinganishwa. Jeshi la Marekani lilitamani damu ya bandia iliyo rahisi kuchukuliwa porini, likashirikiana na kampuni ya Baxter kutengeneza dawa iliyotokana na hemoglobini iliyotolewa ndani ya chembe na kufungwa kwa kemikali isivunjike vipandevipande. Kwa hesabu ya oksijeni, wazo lilikuwa zuri. Mwaka 1999 matokeo ya majaribio kwa majeruhi wa ajali na mashambulio nchini Marekani yalichapishwa: kati ya wagonjwa 52 waliopewa hemoglobini hiyo, 24 walifariki katika siku 28, kati ya 46 waliopewa maji ya chumvi, walifariki 8. Majaribio yalisimamishwa. Uchunguzi wa jumla wa dawa za namna hiyo, uliochapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba zilizidisha vifo na zilizidisha mara mbili na nusu na zaidi hatari ya kuziba kwa mishipa ya moyo. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba hemoglobini iliyo huru iliinasa nitriki oksidi, na mishipa ikajikaza.

Ghala linalovunjwa na malaria

Kimelea cha malaria huishi ndani ya chembe nyekundu, huila hemoglobini yake, huzaana, kisha huipasua chembe hiyo ili watoto wake watoke kutafuta nyingine. Kila baada ya saa 48 hivi, kwa kimelea cha falsiparumu, chembe nyingi hupasuka. Mabaki ya hemoglobini ambayo kimelea hakuyala humwagika katika damu. Mwili una protini maalumu, haptoglobini, ambayo kazi yake ni kuikamata hemoglobini iliyopotea njia na kuipeleka kuharibiwa. Ugonjwa ukizidi, protini hiyo huisha. Kuanzia hapo hemoglobini huzunguka bila mlinzi, na nitriki oksidi hunaswa kila inapotoka ukutani.

Upungufu huo una matokeo mabaya mawili. Mishipa midogo hujikaza. Kadhalika ukuta wa ndani wa mshipa, ambao kwa kawaida nitriki oksidi huufanya uwe laini, huanza kutoa vishikizo, na chembe zilizobeba vimelea hunata juu yake. Katika ubongo mishipa hiyo ni myembamba kuliko unywele. Ikishazibwa, mtoto hupata degedege, kisha hupoteza fahamu.

Mambo haya hayakugunduliwa mbali na Afrika ya Mashariki. Mwaka 1996 Nicholas Anstey na wenzake walichapisha uchunguzi wa watoto 191 wa Tanzania, wenye malaria na wasio nayo, ambao damu na mkojo wao vilipimwa nitrati na nitriti, yaani mabaki ya nitriki oksidi. Wakati ule wataalamu wengi walidhani kwamba gesi hiyo, ikizidi, ndiyo inayowazimisha watoto. Matokeo yalikuwa kinyume. Watoto waliokuwa na vimelea bila kuugua, wale wanaocheza uani, walikuwa na kiasi kikubwa. Wenye malaria ya ubongo walikuwa na kiasi kidogo kuliko wote. Mwaka 2003 watoto wa Tanzania wenye malaria ya ubongo walionekana pia kuwa na upungufu wa arjinini, malighafi ambayo mwili huitumia kutengeneza nitriki oksidi. Chembe nyekundu zinapopasuka humwaga pia kimeng'enya kinachoivunja arjinini. Kwa maneno mengine, mwizi aliyeiba unga amevunja na kinu. Huko Timika, Indonesia, mwaka 2009, watu wazima wenye malaria kali walipimwa, ikaonekana kwamba waliokuwa na hemoglobini nyingi iliyomwagika ndio ambao mishipa yao ilishindwa zaidi kupanuka.

Wazee waliwahi kuyaona hayo kwa macho bila kujua kemia yake. Hemoglobini iliyomwagika ikizidi hupita katika figo, na mkojo huwa mwekundu wa kukolea au mweusi kama kahawa. Robert Koch, daktari mashuhuri wa Ujerumani, alipokuwa Dar es Salaam katika miaka ya 1897 na 1898, aliichunguza homa hiyo ya mkojo mweusi iliyowaua Wazungu wengi wa wakati wake, akaihusisha na matumizi ya kwinini. Mpaka leo watoto wa mashariki ya Uganda hufikishwa hospitali wakiwa na mkojo wa namna hiyo.

Ikiwa gesi imepungua, kwa nini wagonjwa wasivutishwe gesi hiyo? Wazo hilo lilijaribiwa Uganda. Katika hospitali ya Jinja watoto 180 wenye malaria kali, na Mbarara watoto 92, waligawanywa makundi mawili, wengine wakivuta hewa iliyochanganywa na nitriki oksidi kidogo, wengine wakivuta hewa ya kawaida, wote wakipata dawa ya malaria. Matokeo ya sehemu zote mbili yalichapishwa mwaka 2015, na waliovutishwa gesi hawakuonekana kupata nafuu kuwashinda wenzao. Mwenye kuielewa kemia hatashangaa sana: gesi inayoingia mapafuni hukutana na hemoglobini mara tu inapovuka na kuingia katika damu, na ubongo uko mbali.

Isidhaniwe basi kwamba nitriki oksidi ni baraka tupu. Katika ugonjwa wa damu kuchafuliwa na bakteria mwili huitengeneza kupita kiasi, mishipa hulegea mno, na shinikizo la damu huanguka. Watafiti walijaribu kuizuia isitengenezwe. Katika majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2004, asilimia 59 ya waliopewa dawa ya kuizuia walifariki, na asilimia 49 ya wasiopewa. Gesi hii haipendi kuamrishwa kwa mkono mzito, kuiongeza wala kuipunguza.

Jikoni na kwenye chupa za dawa za miti

Siku hizi dawa nyingi za majani huuzwa kwa sifa kwamba huondoa radikali huru mwilini. Maneno hayo yana asili ya kweli. Katika maabara za vyuo vikuu duniani kote wanafunzi huchukua maji ya majani au magome, huyachanganya na kemikali inayotoa nitriki oksidi, kisha hutia dawa ya kupimia iliyobuniwa na Peter Griess, Mjerumani aliyekuwa mkemia wa kiwanda cha bia huko Uingereza, mwaka 1879. Nitriti iliyobaki hugeuka rangi ya waridi. Waridi likififia, husemwa kwamba mmea ule umeinasa gesi.

Kipimo hicho ni rahisi, nacho kinafaa kwa kazi ya kwanza. Lakini kinaeleza yaliyotokea katika kichupa cha kioo, si katika mshipa wa mtoto. Na kwa malaria kali sifa hiyo ingekuwa sifa mbaya, kwani mgonjwa tayari ana mnasaji mwingi kupita kiasi, naye anahitaji gesi ibaki. Mama anayempa mtoto mwenye homa maji ya umuravumba akisubiri asubuhi hana kosa la nia. Kosa ni saa zinazopita, kwa sababu katika saa hizo chembe zinapasuka.

Kuhusu chakula, majani kama lengalenga, ambayo Watanzania huyaita mchicha, yana nitrati nyingi, na bakteria wa mdomoni huigeuza nitriti, ambayo mwili huweza kuitumia kupata nitriki oksidi. Karanga zina arjinini. Ni vyakula vizuri kwa mishipa ya watu wazima na watoto wanaokula, na akina mama wasiyamwage maji yote waliyochemshia majani, maana nitrati hutokea majini. Mboga, hata hivyo, haizuii malaria wala haiitibu.

Kinachotibu ni kumwua kimelea kabla hajavunja ghala. Majaribio makubwa yaliyofanywa katika nchi 9 za Afrika, zikiwamo Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda, kwa watoto 5,425, yalionyesha mwaka 2010 kwamba sindano ya artesuneti iliokoa wengi kuliko kwinini: walifariki asilimia 8.5 badala ya 10.9. Artesuneti hata huwaua vimelea wakiwa bado wachanga ndani ya chembe, kabla hawajawa wakubwa wa kuipasua. Burundi iliacha klorokwini mwaka 2003 ikachukua dawa za mchanganyiko zenye asili ya artemisinini, na mwaka 2006 iliondoa malipo ya matibabu kwa watoto walio chini ya miaka 5. Familia iliyotoka milimani na kuhamia kambi au kituo cha bondeni yafaa ilale ndani ya chandarua chenye dawa tangu usiku wa kwanza, na kila homa ipimwe siku ile ile. Mtoto akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akipumua kwa kasi na kwa nguvu, viganja vikiwa vyeupe au mkojo ukiwa na rangi ya kahawa, apelekwe hospitali bila kungoja kupambazuka. Penye mwendo mrefu, mhudumu wa afya huweza kumpa mtoto aliye chini ya miaka 6 artesuneti ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa, ili asifike amechelewa.

Jambo moja husahauliwa mara nyingi mgonjwa anaporudi nyumbani. Chembe nyekundu zilizookolewa na artesuneti hazidumu kama zile zisizoguswa na kimelea. Baadhi yake hupasuka kwa pamoja kati ya wiki ya kwanza na ya nne baada ya sindano, hata kama malaria yenyewe imekwisha. Mgonjwa huonekana mchovu tena, macho hugeuka ya manjano, mkojo huwa mweusi, na wengine hudhani kwamba amerogwa au ameumwa na mbu upya. Tarehe ya sindano iandikwe kwenye kadi, na katika wiki hizo nne arudishwe kupimwa wingi wa damu.